Chai ya Baridi: Tuitengeneze Nyumbani, Tuiuze Bila Kugonjesha Mtu

Mafundisho yaliyotolewa mbele ya vikundi vya biashara ndogo kwenye mkutano wa mwezi wa chama chetu, hapa Baraka. Tunayachapisha kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu ambao wanapenda kujua pesa ya mikopo midogo inafanya kazi gani.



Komite iliniomba niseme leo juu ya chai ya baridi. Munajua sababu. Vikundi vitatu vimeandika kuomba mkopo ili viuze vinywaji sokoni na pale bandarini mitumbwi inapofikia. Kikundi kimoja kinaomba konjelateri, vingine viwili vinaomba sufuria na sukari. Mbele ya komite kukata shauri, ni vizuri sisi wote tujue namna kazi hiyo inafanyika na mahali gani hatari iko.

Nianze na hatari, maana njo inayonisumbua zaidi. Sisi tunakaa kando ya Ziwa Tanganyika. Uvira, Fizi, Kalemie, zote ni sehemu ambako kolera hairudi nyumbani kwake. Inalala kidogo, kisha inaamka tena. Kinywaji cha baridi kinachouzwa barabarani ni moja ya njia zake za kupita. Na tuseme ukweli kati yetu: sisi ni barapatriye. Mutu akigonjwa kisha kunywa chai ya mama mmoja wa chama hiki, watu hawatasema jina la yule mama. Watasema, "Ni wale waliotoka Tanzania." Tumetumia miaka mingi kutafuta nafasi yetu tena mu soko hili na mu mitaa hii. Chai ya franga kidogo haiwezi kutupotezea hayo yote.

Haya, tuingie mu kazi yenyewe.

Majani na maji

Chai ya baridi ni chai ya kawaida iliyopikwa kwa nguvu zaidi, ikapozwa, ikatiwa harufu ya matunda au ya majani mengine. Majani ya chai tunayo. Milimani kule Kabare na Walungu kuko mashamba ya chai tangu wakati wa Wabeleji, na majani ya Tanzania pia yanavuka ziwa. Yote mawili yanafaa. Angalia tu kama pakiti haikuingia unyevu na kama majani bado yananukia. Majani yaliyokaa karibu na samaki wakavu au sabuni yatakupatia chai ya samaki na sabuni.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchemsha majani kwa muda mrefu ili yatoe rangi. Kwa chai ya maziwa hiyo inaweza kupita, maana maziwa yanafunika ukali. Kwa chai ya baridi haifai. Majani yakikaa sana ndani ya maji ya moto yanatoa ule ukali unaokausha ulimi, na sukari haiwezi kuuondoa. Ukitaka chai nzito, ongeza majani, usiongeze dakika. Maji yakishachemka kabisa, toa sufuria motoni, tia majani, funika, hesabu dakika 4 au 5, kisha chuja mara moja.

Kipimo cha lita 10 ni hiki: majani ya chai gramu 100, sukari gramu 700, ndimu 10 za ukubwa wa kati, na harufu utakayochagua. Ukiona ni tamu sana kwa wanunuzi wako, shuka mpaka gramu 600. Kumbuka tu kwamba kinywaji kikipoa ulimi unasikia sukari kidogo kuliko kikiwa cha moto. Onja kikiwa kimepoa, njo ukate shauri.

Sasa sikilizeni namna ya kupanga kazi, maana hapa njo kuko akili ya kuokoa makala na muda.

Jioni, chemsha lita 7 za maji. Yaache yachemke vizuri, mapovu makubwa yakipanda, kwa dakika moja nzima au zaidi. Funika na uyaache yapoe usiku kucha ndani ya chombo kile kile, kifuniko kikiwa juu. Usihamishie mu ndoo nyingine ambayo hukuiosha vizuri. Asubuhi, chemsha lita 3 zilizobaki, upike humo majani yote gramu 100. Chuja, tia sukari ingali moto ili iyeyuke vizuri, kisha mimina ile chai nzito ndani ya lita 7 za baridi. Palepale umepata lita 10 zenye vuguvugu tu, na haukungojea nusu siku chai ipoe. Ndimu inaingia mwisho kabisa, chai ikishapoa. Ukiitia ingali moto, harufu yake nzuri inapanda na mvuke.

Musishangae ndimu ikiingia na rangi ya chai ikafunguka, ikawa ya dhahabu. Ni tabia ya ndimu, chai haikuharibika. Vilevile chai nzito ikipoa kwa haraka sana inaweza kuwa na ukungu. Hiyo haina ubaya, lakini mnunuzi anapenda kuona chai safi mu kikombe. Acha ipoe polepole mbele ya kuiweka mahali pa baridi sana.

Harufu tulizo nazo hapa

Mchaichai, ambao wengine hapa wanauita sitroneli. Karibu kila nyumba iliyorudi kutoka Nyarugusu au Lugufu ilipanda kichaka chake. Kwa lita 10 chukua mashina kama 10, yaoshe, ponda ile sehemu nyeupe ya chini kwa mchi mpaka ipasuke, kata majani vipande, na utie vyote ndani ya zile lita 3 za asubuhi. Chemsha dakika 10 mbele ya kutoa sufuria motoni na kutia majani ya chai.

Tangawizi. Gramu 150 mpaka 200 kwa lita 10. Inahitaji moto mrefu kuliko mchaichai: iponde, ichemshe dakika 15. Tangawizi na ndimu vinaenda pamoja vizuri sana, na wanaume wa bandarini wanavipenda.

Marakuja. Matunda 12 hivi. Osha ganda mbele ya kukata, toa moyo wake, chuja mbegu, na utie maji yake mwisho pamoja na ndimu, au pahali pa ndimu. Usiyachemshe.

Nanasi. Usitupe maganda. Yasugue na brosi, yaoshe, yachemshe dakika 20 na kipande cha tangawizi, chuja. Hayo maji yanapunguza sukari utakayohitaji, na ile nyama ya nanasi unaiuza kando.

Bisapu, yaani yale maua mekundu ya jamii ya ngai-ngai; Tanzania tulisikia yakiitwa rozela au choya. Hayahitaji majani ya chai kabisa. Konzi mbili za maua makavu kwa kila lita ya maji ya moto, dakika 10, chuja, sukari. Ni machachu sana, kwa hiyo usiyapike wala kuyalaza ndani ya sufuria ya aluminyumu, maana uchachu unakula chuma hicho. Tumia sufuria ya inoksi au ya emaye isiyobanduka.

Niseme jambo moja juu ya matunda. Maji umeyachemsha, majani umeyachemsha, kisha unakata ndimu isiyooshwa na kisu kilichokata samaki, na kazi yote imekwisha. Ndimu inaingia bila kupita motoni, vilevile marakuja. Njo maana zinaoshwa kwa maji safi, mikono inaoshwa kwa sabuni, na kisu cha matunda kinakuwa cha matunda tu.

Barafu

Sasa ile konjelateri. Ninajua chai ya baridi yenye barafu inauzika kuliko ile isiyo na barafu. Kule Tanzania batoto wetu walizoea kununua barafu za rangi ndani ya vimfuko, na ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambini wanatueleza kwamba kule watu wengi hawanywi chai ya moto. Wanajaza kikombe barafu kwanza, njo wanamimina chai. Ni kweli kabisa. Lakini kule maji ya robine yamesafishwa mbele ya kufika nyumbani, na umeme unalala na kuamka pamoja nao.

Hapa kuko watu wanaoamini kwamba baridi inaua vijidudu. Haiui. Barafu inavilaza tu, na ikiyeyuka ndani ya kikombe vinaamka. Barafu iliyotengenezwa kwa maji ya ziwa ni maji ya ziwa. Ukitia kipande kimoja ndani ya chai uliyoichemsha kwa bidii, umemimina ziwa ndani. Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: barafu ambayo hukuichemsha wewe mwenyewe, haiingii ndani ya chai. Ukitaka kutumia barafu ya kununua, iweke nje ya bido, ndani ya beseni, ipoze chombo bila kugusa kinywaji.

Na konjelateri inakula mafuta ya jenereta au inangoja jua la panneau. Siku mafuta yanapanda bei, faida inaisha. Sisemi tusinunue hata siku moja. Ninasema isiwe kitu cha kwanza.

Kuko njia za kupoza bila umeme. Ya kwanza tunaijua tangu bakoko: mtungi wa udongo. Maji yanapenya kidogo kidogo mu ukuta wa mtungi, upepo unayakausha, na kukauka huko kunaondoa joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, mu miaka ya 1990 aliboresha ufundi huo kwa kuweka chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, na kitambaa kibichi juu. Mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Mafinyanzi wetu wanaweza kuvifanya. Bido ya chai iliyofungwa vizuri unaitumbukiza ndani ya chungu cha katikati. Kama hauna vyungu, funga bido kwa gunia au kitambaa kibichi, isimamishe ndani ya beseni la maji, kivulini, mahali upepo wa ziwa unapita, na uendelee kumwagia. Mu kiangazi, Juni mpaka Agosti, hewa ni kavu na njia hii inafanya kazi vizuri. Mu masika hewa imejaa maji, inapoza kidogo tu. Mujue hivyo, musiahidi wanunuzi baridi ambayo hamuna.

Kitu kimoja musijaribu: kutia majani ndani ya chupa ya maji mabichi na kuiweka juani mpaka ibadilike rangi. Jua linatoa rangi, lakini halifikishi moto wa kuua vijidudu. Linavipatia vuguvugu vya kuzaana.

Chombo, kikombe na saa

Chai iwekwe ndani ya bido yenye robine. Ukichota kwa kopo, mkono unaingia ndani mara 40 kwa siku. Bido iwe ile ya chakula. Ile iliyobeba mafuta ya gari au dawa ya shamba haioshwi ikatakata. Kila jioni ioshwe kwa sabuni, na robine yake ifunguliwe na kusuguliwa ndani, maana sukari inajificha pale.

Vikombe. Hapa njo ninaona hatari kubwa kuliko yote sokoni: ile ndoo moja ya kusuuza, ambayo asubuhi maji yake ni meupe na saa sita ni kama supu. Mutu wa kwanza akiwa na ugonjwa, ndoo inawagawia wote. Kila kikundi kiwe na mabeseni mawili, moja la sabuni, moja la maji yaliyotiwa klori kwa kipimo kilichoandikwa pakitini, na yabadilishwe kila yanapochafuka. Anayekuja na kikombe chake, mpunguzie bei kidogo. Chupa za plastiki za maji ya duka zinaweza kutumika kama zimeoshwa vizuri, lakini usimimine ndani yake chai ya moto; zinajikunja.

Saa. Chai yenye sukari na matunda, bila baridi ya kweli, ni ya siku moja. Iliyopikwa asubuhi inaisha jioni. Ikitoa mapovu, ikinukia kama pombe, imekwisha. Lakini usingojee mapovu, maana chai inaweza kuwa na vijidudu bila kuonyesha kitu.

Hesabu inayoleta kishawishi

Bamama wengi watasema, "Tumesikia, iliyobaki tutamwaga." Ninawaamini. Lakini tufanye hesabu, muone kwa nini kumwaga ni kugumu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kitaweka bei zake.

Tuseme lita 20 zimegharimu franga 12.000: majani, sukari, ndimu, makala, klori. Lita 20 ni vikombe 80 vya robo lita. Kikombe franga 200, vyote ni 16.000. Faida 4.000. Vizuri. Lakini vikombe 60 vya kwanza, 60 mara 200, ni 12.000: vinarudisha pesa yako tu. Faida yote iko ndani ya vile vikombe 20 vya mwisho. Na vikombe 20 vya mwisho njo vile vinavyobaki mu bido saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha. Mama anayatazama na anaona unga wa batoto wake mule ndani. Anachanganya na ya kesho. Hana roho mbaya. Hesabu njo inamsukuma.

Sasa tupange namna nyingine. Lita 10, tuseme gharama ni 6.500, maana makala haipunguki nusu kwa nusu. Vikombe 40, vyote vikiuzwa ni 8.000. Faida 1.500, na saa nane umekwisha, wanunuzi wanasema, "Mama, kesho uongeze." Siku ambayo soko linataka vikombe 50 tu, aliyepika lita 20 anapata 10.000 na amepoteza 2.000. Aliyepika lita 10 ameuza vyote na ana faida yake. Tuanze na lita 10. Tuongeze lita 5 baada ya majuma mawili ambayo bido ilikauka kila siku. Siku ya soko kubwa tupike mara mbili, asubuhi na saa sita, kuliko kupika mara moja nyingi.

Na ninaomba komite ikubali jambo moja zaidi: chai iliyomwagwa iandikwe mu kitabu cha kikundi, na sehemu ya hasara hiyo ibebwe na sanduku la kusaidiana kwa miezi 3 ya kwanza. Kama mama anajua kwamba hatamwaga peke yake, atamwaga. Wafadhili wetu watakaosoma maneno haya wajue kwamba pesa hiyo ya kumwaga chai inalinda afya ya watu kuliko pesa ya kununua konjelateri.

Nani asinywe, na chai isiyo dawa

Chai ya majani inazuia mwili kuchukua madini ya damu yaliyo ndani ya chakula. Kwa hiyo tusiwape batoto wadogo, na bamama wenye mimba wainywe mbali na chakula, siyo pamoja na sombe na maharagi. Ya mchaichai peke yake haina majani ya chai, inaweza kuwa ya nyumba nzima.

Na tafadhali: mutu akiharisha, chai ya baridi yenye sukari haimsaidii. Sukari nyingi inaweza kuongeza kuharisha. Apewe maji ya ORS ya pakiti, na kama pakiti hakuna, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aendelee kunywa kidogo kidogo akiwa njiani kwenda kituo cha afya. Akiharisha maji kama ya mchele, musingojee asubuhi.

Ninachoomba

Ninaomba komite ikubali mikopo ya vikundi vyote vitatu, lakini mikopo ya kwanza inunue vitu hivi: sufuria moja kubwa ya inoksi yenye kifuniko, bido mbili zenye robine, mabeseni mawili, kitambaa cha kuchujia, vikombe, sabuni na klori ya mwezi mmoja. Kikundi kitakachotunza kitabu chake kwa miezi 3, maji yakichemshwa kila siku na bido ikikauka kila jioni, kirudi hapa kusema juu ya konjelateri. Siku hiyo mimi mwenyewe nitanyoosha mkono kukubali.

Leo nimeleta lita 10, mchaichai na ndimu, maji yalichemshwa jana jioni. Vikombe viko pale, na mabeseni mawili yako kando yake. Kila mmoja aoshe mikono, akaribie.